Kamba ya Shemeji

Jumapili, 1 Septemba
Jua kali. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini wateja siku hizi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, kwa hiyo kurasa zimebaki tupu. Nitaandika mambo ya nyumbani mpaka mvua zianze. Nina wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi nahitaji pa kuuweka. Cherehani peke yake haitoshi.

Mambo yenyewe ni haya. Kazi ya mume wangu ni kuning'inia. Anajifunga mkanda kiunoni na mapajani, anateremka kwa kamba kutoka juu ya paa, anapaka rangi majengo marefu au anaosha vioo vyake. Watu wanamwita Popo, na mimi pia namwita hivyo, maana ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake hageuki. Msimu huu kiwanda cha unga kimempa kazi ya kupaka rangi matangi ya nafaka na ule mnara wake mrefu, na sharti amalize kabla ya mvua. Leo ameikagua kamba yake kwa vidole, kutoka mwanzo, akafika karibu na mwisho akavisimamisha. Ganda la nje limechanika, na nyuzi za ndani zinachungulia.

"Hii imestaafu," akasema. "Kuanzia sasa itapandisha ndoo za rangi tu."

"Si ukate hapo palipochanika?"

"Fundi," akaniambia, ndivyo anavyoniita akitaka kunifunza jambo, "ukiona mahali pamoja pamechanika, ujue na mahali pengine panajiandaa."

Jumanne, 3 Septemba
Tumekwenda kwa muuza vifaa. Ana kamba za kufungia mizigo, za kufungia mbuzi, na za kuvutia magari mabovu. Ya kumning'iniza mtu hana. Ameagiza, lakini anasema mvua itautangulia mzigo wake.

Jumatano, 4 Septemba
Nimeshona viraka kwenye magoti ya suruali ya shemeji yangu, kaka yake Popo. Mara ya pili mwaka huu. Nilimtania kwamba amekuwa mcha Mungu, anapiga magoti sana. Hakucheka.

Alhamisi, 5 Septemba
Shemeji amekuja jioni, amebeba mzigo mikononi kama anayebeba mtoto aliyelala. Yeye ndiye aliyemfundisha Popo kazi ya kamba. Magoti yalipomharibikia akaacha, na tangu hapo anakaa nyumbani akipanga vitu. Nyumba yake ukisogeza kikombe, anajua. Zamani nilimwona mtu wa majivuno, na sikuwa nimebadili mawazo.

Alipangusa meza kwanza, ndipo akauweka mzigo. Ilikuwa kamba. Nyeupe, ina mstari mmoja wa buluu, haijawahi kuguswa na ukuta wala jua.

"Niliinunua mwaka ule ule nilioacha," akamwambia Popo. "Nilitaka kuanza nayo kazi mpya. Magoti yakanikatalia. Sasa ni yako."

Popo alimshika kaka yake mkono, akaushika tena.

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akauliza, "Na imekaa miaka yote hiyo, haijaoza?"

"Mama, kamba hii si katani, ni nailoni. Haiozi. Na nimeitunza. Ilipokaa hapana jua, hapana panya, hapana unyevu. Kila mwaka naufungua mdomo wa mfuko, naitazama, nafunga."

Mfuko wenyewe niliushona mimi, nilipokuwa bi harusi bado. Kitambaa cha pamba, kinene, na uzi wa polista. Nilipounyanyua ili niuone mkono wangu wa zamani, kitako cha mfuko kikabaki mezani. Kimeachana na mfuko bila kelele. Nilitahayari mbele ya mama mkwe. Nikaangalia mshono: mzima kabisa, hata uzi mmoja haukukatika. Kitambaa ndicho kilichokuwa kimekufa.

"Pamba huzeeka," akasema Shemeji.

"Na kamba je?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maziwa yake yana maji. Popo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Ijumaa, 6 Septemba
Ndani ya droo yangu nimekuta nyuzi mbili za zamani, zote hazijawahi kutumika. Nikazivuta. Ule wa pamba ukakatika kwa kuvutwa kidogo tu. Ule wa polista ukakata kidole changu kabla haujakatika wenyewe. Zote umri mmoja, droo moja. Nilitaka kujua jambo, sasa nina mambo mawili na kidole kinauma.

Jumapili, 8 Septemba
Nimekwenda kwa muuza vifaa peke yangu. Kamba za aina hii zina utepe mwembamba ndani yake uliopigwa chapa ya mwaka zilipotengenezwa. Popo ameusoma, nami nikampelekea mwaka huo. Akahesabu kichwani.

"Imevuka miaka kumi, kidogo tu. Wanaotengeneza wanasema mwisho kumi, hata kama haijatumika."

"Hata ikiwa imelala tu kabatini?"

"Hata ikiwa imelala tu."

"Kwa nini? Inachoka kwa kulala?"

Akacheka. "Mama, na mimi najiuliza hivyo hivyo. Nimesikia watu wamezipima za zamani zaidi ya hiyo zikashika vizuri. Lakini mimi ni muuzaji. Nikikwambia ni nzima, siuzi. Nikikwambia ni mbovu, utasema nataka kuuza. Sasa nikwambie nini?"

"Niambie kweli."

"Kweli yenyewe siijui."

Nimerudi nyumbani nikiwa mjinga kuliko nilivyotoka. Nilimweleza Popo, Popo akamweleza kaka yake, na kaka yake akaja mbio, magoti na yote, kuniambia kwamba karatasi hizo zinaandikwa na watu wanaotaka tununue kila mara. Nayo hiyo ni kweli. Mashine yangu imeandikwa ipelekwe kwa fundi kila mwaka, na sijaipeleka tangu nizae, na inashona.

Mama mkwe yeye alisema tu, "Kamba hukatikia pembamba. Tafuteni pembamba."

Popo ameipitisha yote mikononi, kutoka ncha hadi ncha. Hakuna pembamba, hakuna doa, hakuna pagumu wala palipolegea. Kipya kinyemi, na uso wake umejaa raha.

Jumanne, 10 Septemba
Leo wameijaribu. Popo, Shemeji, na Kimya, ambaye ni mwenzake Popo kazini na jina lake linatosha kumweleza. Waliichukua ncha iliyo mdomoni mwa mfuko, wakaifunga kwenye boriti ya chuma nyuma ya nyumba, wakaning'iniza viroba vya mchanga uzito wa watu watatu. Wakavirusha. Wakavidondosha ghafla. Kamba ikanyooka, ikarudi, ikanyooka. Boriti ndiyo iliyolia.

"Umeona, shemeji?" Shemeji akaniuliza.

Nimeona. Na niliona pia jinsi alivyosimama, mikono nyuma, akiitazama kamba yake ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na machozi, akajifanya ni vumbi la mchanga. Nikajisikia vibaya kwa kumshuku. Lakini wasiwasi haukuondoka, umehamia chumba kingine tu.

Alhamisi, 12 Septemba
Ameanza na matangi ya nafaka. Amerudi.

Ijumaa, 13 Septemba
Amerudi. Nywele zina rangi nyeupe, nimemwambia amezeeka mchana mmoja.

Jumapili, 15 Septemba
Mapumziko. Popo amemfundisha binti yetu ishara za watu wa kamba, kwa sababu juu huko sauti haifiki. Mkono mmoja ukizungushwa: teremka. Mkono ukinyooshwa pembeni: vuta ndoo. Mikono yote miwili juu ya kichwa: kaa hapo hapo ulipo, usisogee hata unywele.

Binti akaweka mikono kichwani, akazunguka nyumba. Mama mkwe akapiga kelele: "Shusha hiyo mikono! Unatuombea msiba?"

Popo akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa napiga pasi, nikawaambia wote wanyamaze.

Jumatano, 18 Septemba
Amerudi.

Alhamisi, 19 Septemba
Amerudi kachelewa. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Alikuwa anaongea na mtu wa rangi. Nikamgombeza kwa sababu ya chakula kupoa, kwa kuwa la kweli sikuweza kulisema.

Jumapili, 22 Septemba
Suruali nyingine ya Shemeji. Hii ni mpya, niliishona mwenyewe mwezi wa sita. Magotini pana vitundu vidogo vidogo, vya mviringo, na ukivuta kitambaa pembeni yake kinaachia. Nimefikiria nondo, lakini nondo hachagui magoti. Nimefikiria sabuni. Nikampigia simu mke wake nikamuuliza anafulia nini. Akaniuliza kama nina neno naye niliseme. Tumeachana vibaya, na nimejuta.

Jambo la ajabu: mshono wa polista uko pale pale, umeshikilia hewa.

Jumatano, 25 Septemba
Amerudi. Joto.

Jumamosi, 28 Septemba
Kwa kuwa sisemi na Popo kuhusu kamba, nasema na Kimya. Amekuja kuchukua ndoo. Nikamuuliza, "Wewe ungening'inia kwayo?"

Akafikiri mpaka nikadhani ameondoka kimoyomoyo. Kisha akasema, "Naning'inia kila siku. Tunapokezana."

"Huogopi?"

"Naogopa. Ile ya zamani pia nilikuwa naogopa."

Basi jibu hilo nitalifanyia nini?

Jumatatu, 30 Septemba
Amerudi. Nikamwuliza kamba inaendaje. "Inakwenda kama siagi," akasema. Anasema matangi ni mafupi, hata nusu ya kamba hayaimalizi. Nyingine inabaki imejikunja ndani ya ndoo chini. Nimemwambia vizuri. Sijui kwa nini nimesema vizuri.

Alhamisi, 3 Oktoba
Amerudi.

Jumapili, 6 Oktoba
Mawingu ya kwanza, upande wa nyuma ya kiwanda. Hayakufanya lolote. Shemeji alikuja kula. Alimuuliza Popo maswali mengi: kamba inapinda vipi kwenye ukingo wa paa, umeweka gunia pale inapogusa zege, unaikausha? Popo akajibu kila moja kwa adabu, ndiyo kaka, ndiyo kaka. Nikaona kwamba Shemeji anafanya kazi tena, kupitia mikono ya mdogo wake. Majivuno niliyokuwa nayaona miaka yote sasa sina hakika kama yalikuwa majivuno. Labda ni mtu aliyeachwa na kazi yake kabla hajamaliza kuipenda.

Wakati wa kuondoka akaniambia chini chini, "Shemeji, najua hulali vizuri. Mimi ndiye niliyemtia kwenye kazi hii. Unafikiri ningempa kitu kibovu?"

"Hapana, shemeji."

Na kweli sikufikiri hivyo. Hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa: namwamini mtu, siamini kamba yake.

Alhamisi, 10 Oktoba
Matangi yamekwisha. Meupe pee. Amerudi.

Jumatatu, 14 Oktoba
Upepo leo, na umeme umekatika tangu jana. Kesho anaanza mnara. Amesema kwa huo kamba yote itatumika, mpaka ncha. Alisema kwa furaha, kama mtu anayemaliza chakula sahanini.

Jumatano, 16 Oktoba
Jana sikuandika. Naandika leo.

Jana asubuhi nilipeleka suruali kwa Shemeji, na pia nimwombe radhi mke wake kwa habari ya sabuni. Mke hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi, nikapiga hodi, Shemeji akaitikia kutoka ndani: "Karibu, niko huku, siwezi kuinuka haraka."

Nikamkuta kwenye stoo ya chini ya ngazi. Amepiga magoti. Mbele yake ile betri kubwa inayowasha taa zao umeme ukikatika. Amefungua vifuniko vyake vyote, ameshika chupa ya maji, anajaza tundu moja moja, polepole, kwa upendo.

"Naijaza mpaka juu kabisa," akaniambia. "Wengine wanaiacha nusu. Kitu ukikitunza kitakutunza. Ikichaji hufurika kidogo, lakini napangusa mara moja, huoni hata tone."

Akachukua kitambaa akapangusa sakafu, na kitambaa kikamwachia vidoleni, vipande vipande. Akakiweka pembeni akachukua kingine. Alikuwa na vingi amevikunja tayari. Mtu mpangaji.

Nilimtazama magoti. Nikatazama sakafu. Pembeni ya betri, palipogusana nayo, palikuwa na nafasi tupu ya mraba, safi kuliko stoo yote.

"Hapo palikuwa na nini?"

"Hapo? Hapo ndipo ilipolala kamba. Pazuri, eh? Hapana jua, hapana panya."

Nilifungua mfuko wangu nikatoa suruali yake, nikamwonyesha vitundu. Nikavuta kitambaa karibu na kiraka changu, kikaachia. Nikaokota kile kitambaa cha kupangusia, nacho nikakivuta. Shemeji alitazama mkono wangu, kisha akatazama chupa yake, kisha ile nafasi ya mraba. Nilimwona akielewa: maji yanayofurika kwenye betri ni asidi, na asidi hiyo hula pamba na nailoni, polista huiacha. Sitaki kumwona tena mtu akielewa jambo namna ile.

"Kitako cha mfuko," akasema.

"Ndiyo."

"Ncha ya chini ndiyo iliyokaa kitakoni. Ile ya juu, wanayoifunga paani siku zote, ndiyo tuliyoijaribu."

"Na leo yuko mnarani, shemeji."

Popo hapandi na simu. Kimya anapanda nayo. Tulimpigia ikaita, ikaita. Pale kiwandani mashine zikisaga, hata radi husikii. Shemeji akajaribu kuinuka, magoti yakakataa, akashika ngazi akajivuta, akaniambia, "Nenda. Usiningoje." Jirani akanipakia kwenye pikipiki yake. Njiani nilikuwa nahesabu mambo kichwani na hayahesabiki: kamba inabeba uzito juu ya mtu, si chini yake. Sehemu ya juu ni nzima, tumeijaribu, viroba vimeshuhudia. Maana yake akiwa juu yuko salama. Kila akiteremka, kamba inayomshika inazidi kuwa ile iliyolala na betri. Hatari ilikuwa kwenye kushuka. Na mtu yeyote, akiitwa na mkewe, hufanya nini? Hushuka.

Nilifika nikamwona, yuko juu, karibu na ukingo, anapaka. Mkia wa kamba umening'inia mpaka chini, unacheza na upepo, mweupe na mzuri. Nilijua nisimwite. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda wenyewe, unapunga. Akaniona. Akanitolea meno, akatia brashi ndooni, akalegeza chuma cha kushukia kilicho kwenye mkanda wake, akaanza kuteremka kuja kunisikiliza.

Nikaweka mikono kichwani. Yote miwili.

Akashuka kidogo zaidi, akasimama. Akaning'inia pale, akinitazama. Hakuelewa, lakini alitii, na hilo nitamshukuru mpaka nife.

Akaja mlinzi wa kiwanda, akanipigia kelele masikioni, "Mama, nani amekufa?" Nikampigia kelele na mimi: hajafa mtu bado, panda ngazi za ndani, mwambie mtu wa juu amshushie kamba ya ndoo, ile ya zamani, asishuke kwa hii. Alitazama kamba. "Mbona hii ndiyo nzuri?" Nikamwambia panda, baba, panda, nakuomba, panda. Akapanda.

Mimi nikabaki. Mikono sikuweza kuishusha, maana ningeshusha angekuja. Wafanyakazi wakaanza kutoka, weupe kwa unga, wakanizunguka. Mmoja akanipa pole. Mwanamke mmoja akaanza kulia kunisaidia. Mabega yaliwaka moto, jasho likaniingia machoni, na mume wangu pale juu akiyumba taratibu kwa upepo, kulia, kushoto. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na ishara niliyoijua ilikuwa hiyo moja.

Kisha nikaona kamba ya ndoo ikishuka juu yake, chafu, ina rangi za kazi zote alizowahi kufanya. Kimya alikuwa ameifunga akipaacha nje pale palipochanika. Popo aliishika, akaitazama, akanitazama. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili. Akahamisha chuma chake kwenye ile kamba mbovu, akaiacha nzuri, akashuka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikushusha mikono mpaka miguu yake ilipogusa chini, na ilipogusa sikuweza kuishusha, ikabidi yeye aniteremshe mkono mmoja mmoja.

"Ni Mama?" akauliza. "Mama amekufa?"

"Ni kamba," nikasema.

Shemeji alifika baadaye, ameshikiliwa na jirani. Hakumsalimu mtu. Alishika mkia wa kamba, akasema, "Vuteni." Kimya akashika upande mmoja, Popo upande wa pili. Walivuta kama watu wanaokunjua shuka. Ikakatika. Haikupiga kelele, haikuvutika kwanza, iliachana tu, kama kile kitako cha mfuko. Wakaishika mbele kidogo, wakavuta, ikakatika tena. Mama mkwe alisema tutafute pembamba. Hapakuwa na pembamba. Ilikuwa nene ileile, nyeupe ileile, na mstari wake wa buluu.

Shemeji alikusanya vipande akavikunja, kimoja kimoja, kwa mpango. Popo akamwambia, "Kaka, acha." Hakuacha.

Ijumaa, 18 Oktoba
Kimya ameijaribu sehemu ya juu tena, kwa viroba vingi zaidi. Imeshika. Kamba moja, mwaka mmoja, juu ni kijana na chini ni marehemu. Nimekwenda kumweleza muuza vifaa, naye akauliza, "Kwa hiyo miaka kumi ni kweli au si kweli?" Nilikuwa nimekwenda kumuuliza yeye.

Jumapili, 20 Oktoba
Shemeji hakuja kula. Tumemtumia chakula, kimerudi.

Jumanne, 22 Oktoba
Mnara umebaki nusu mweupe, nusu wa zamani. Kiwanda kimekasirika. Popo amewaambia wangoje kamba au watafute mtu mwingine. Alisema bila kupepesa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia.

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimekwenda kwa Shemeji mwenyewe. Betri ameitoa nje, chini ya bati. Stoo tupu, ameisugua. Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, amevaa suruali yenye viraka vyangu.

"Shemeji," akaniambia, "kama ningeitupa tu chini ya kitanda, kwenye vumbi, kama watu wengine, ingekuwa nzima."

"Huenda."

"Niliitafutia mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba."

Nilitaka kumwambia kwamba sote tuliuliza kamba ina miaka mingapi: mimi, muuza vifaa, hata mama. Ililala wapi, swali ambalo kila mke humwuliza mume wake, mimi kamba sikuiuliza. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Kisha akacheka, kidogo, puani, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaendelea kutikisika hata kicheko kilipokwisha. Nilikaa naye mpaka mke wake akarudi. Mke akanikuta nimemshika shemeji bega, naye akaketi upande wa pili, na habari ya sabuni hakuna aliyeikumbuka.

Jumatano, 30 Oktoba
Mama mkwe anataka kipande cha juu kiwe kamba ya kuanikia nguo. Popo anasema kinafaa. Kimya anasema kinafaa. Binti ameuliza, "Na shuka zikianguka?" Kipande kiko juu ya kabati, tunakitazama.

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Imeanza alfajiri, na sasa mifereji inamwaga pande zote. Mnara wa kiwanda unaonekana kutoka dirishani, nusu kwa nusu.

Muuza vifaa ameleta kamba mpya mwenyewe, chini ya mwavuli. Popo alikuwa anaufungua mfuko wake, mara hodi, Shemeji, amelowa mpaka kwenye soksi. Hajakanyaga hapa tangu siku ile. Alisimama mlangoni hajui kama aingie. Popo akaichukua ile kamba mpya, bado imekunjwa, akaenda akamwekea kaka yake mikononi.

"Ikague, Kaka."

"Mimi?"

"Nani mwingine hapa anajua?"

Shemeji akaketi. Mama mkwe akampa taulo, akajipangusa mikono, kidole kwa kidole, kisha akainusa. Akaanza kuipitisha, ncha hadi ncha. Ilichukua asubuhi yote. Alipomaliza aliikunja, akamtazama mdogo wake, akasema, "Mimi siioni kasoro. Lakini na ile sikuiona."

"Najua," akasema Popo.

"Sasa utaiweka wapi?"

Wote wakanitazama mimi. Nikatoa nguo zangu kwenye rafu ya juu ya kabati letu la chumbani, nikaitandikia shuka, tukaiweka hapo, pamoja na kile kipande ambacho hatujakiamulia. Inalala nasi. Sijui kama ndipo panapofaa. Nguo zangu ziko kitini.

Popo leo hakwenda popote, mvua imemfungia, amelala kutwa na mguu wake umeegemea ukuta. Lakini mkono umezoea, kwa hiyo naandika: amerudi.